David Livingstone na Usiku Mmoja Bagamoyo

Mwamini atokaye Korogwe kupitia Segera, na mwenzake atokaye Handeni kupitia Mkata, wote hukunja Msata ili wafike Bagamoyo. Huko, katika viwanja vya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, penye kivuli cha miembe mikongwe, yapo makaburi ya wamisionari na mnara wa kanisa la kwanza. Mnara huo huitwa kwa jina la mtu asiyekuwa Mkatoliki, ambaye aliingia humo akiwa maiti.

David Livingstone alizaliwa Blantyre, Uskoti, tarehe 19 Machi 1813, katika familia maskini. Akiwa na umri wa miaka 10 aliajiriwa katika kiwanda cha pamba, akawa anasoma usiku baada ya kazi. Alihitimu udaktari, akafika Afrika ya Kusini mwaka 1841 akiwa mmisionari wa Kiprotestanti. Mkewe, Mary, alifariki mwaka 1862, akazikwa Shupanga, kando ya mto Zambezi.

Safari yake ya mwisho, iliyoanza mwaka 1866, ilikuwa ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Hakukipata. Mwezi Julai 1871, huko Nyangwe, nchini Kongo, alishuhudia wafanyabiashara ya watumwa wakiwaua kwa risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake. Habari alizoandika ziliamsha dhamiri za Waingereza, na mwezi Juni 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Yeye hakuiona siku hiyo. Mwezi mmoja kabla, katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, alikutwa amefariki huku amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Wenzake wangeweza kumzika hapo na kwenda zao. Lakini Susi, Chuma, aliyeokolewa utumwani akingali kijana, na Jacob Wainwright, mtumwa wa zamani aliyesomeshwa India, pamoja na wenzao, waliazimia kumrudisha kwao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakajitwika. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, msafiri Mwingereza aitwaye Cameron aliwashauri wauzike huko. Walikataa. Na kwa kuwa wenyeji wa njiani waliogopa maiti kupitishwa kwao, waliufungasha upya ufanane na robota la nguo.

Mwezi Februari 1874 walifika Bagamoyo. Mapadre, waliokuwa wakiwalea watumwa waliokombolewa, waliupokea mwili huo na kuulaza kanisani usiku wa tarehe 24. Hawakuuliza marehemu alikuwa wa dhehebu gani. Kisha ulivushwa hadi Unguja, na tarehe 18 Aprili ukazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Mama Kanisa hutufundisha kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma. Bagamoyo tendo hilo lilifanywa na watu ambao baadhi yao waliwahi kuhesabiwa kuwa bidhaa, pamoja na mapadre waliofungua mlango. Tukisimama chini ya mnara ule, tumwombee marehemu huyo, na tuwaombee pia maelfu waliopita njia hiyohiyo wakiwa katika minyororo, ambao hakuna aliyewabeba wala ajuaye walipolazwa.