Eric Liddell na Mchezo wa Jumapili

Ndugu zangu mliopitia mabweni yale, nanyi vijana mliomo humo sasa,

Mhariri ameniomba nieleze maisha ya mwanamichezo mmoja mashuhuri. Nimemchagua Eric Liddell, kwani nilipokuwa kapteni wa wakimbiaji jina lake nililitumia vibaya.

Alizaliwa Tientsin, China, mwaka 1902, wazazi wake wakiwa wamisionari kutoka Scotland. Mwaka 1908 yeye na kaka yake Rob waliingizwa katika shule ya bweni ya watoto wa wamisionari huko London, ambayo leo ni Eltham College. Wazazi wakarudi China. Fikirini, mtoto wa miaka sita! Sisi tulilia kwa safari ya treni ya usiku mmoja. Eric alikua mpole wa maneno, mwepesi wa miguu. Akawa kapteni wa kriketi na wa raga, na katika mashindano ya shule mpinzani wake mkubwa alikuwa Rob mwenyewe.

Yaliyofuata wengi mnayajua. Aliichezea Scotland raga mara 7. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924 alikataa kukimbia mita 100, kwa kuwa mchujo uliangukia Jumapili, siku ya ibada. Akapata shaba katika mita 200, kisha dhahabu katika mita 400 kwa sekunde 47.6, rekodi ya dunia. Mwaka 1925 akarudi Tientsin kufundisha sayansi na michezo katika shule ya wavulana wa Kichina.

Hadithi ya Paris ndiyo niliyoipenda nikiwa kidato cha nne. Kwangu mimi kanuni ilikuwa kanuni. Kabla ya mashindano ya shule za mkoa, wadogo wa kidato cha kwanza hawakuruhusiwa kukanyaga uwanja jioni. Waliniomba duru moja tu. Nikawafukuza, nikijiona Liddell mdogo. Sehemu ya mwisho ya maisha yake nilikuwa sijaisoma.

Mwaka 1943 Wajapani walimfunga katika kambi ya Weihsien, mkoa wa Shandong. Mkewe Florence na binti zao wawili walikuwa wamekwisha kwenda Canada; binti wa tatu alizaliwa huko, na baba yake hakumwona kamwe. Mwaka uo huo wakaletwa kambini wanafunzi wa shule ya Chefoo, watoto wa wamisionari wa Uingereza, Marekani na kwingineko, walimu wao wakiwa pamoja nao lakini wazazi wengi wakiwa mbali sana. Nadhani hakuna mtu mle kambini aliyewaelewa watoto wale kumzidi yeye. Aliwafundisha, akawaandalia mashindano, akararua shuka ili afunge magongo ya hoki yaliyovunjika. Wao wakamwita Mjomba Eric.

Mwanzoni alishikilia msimamo wake wa zamani: Jumapili hakuna mechi. Vijana waliochoshwa na kifungo wakaenda kucheza hoki peke yao, bila refa, na mchezo ukaishia katika ugomvi. Jumapili iliyofuata Liddell alifika uwanjani, akawa refa wao. Mtu aliyeiacha mbio ya Olimpiki kwa ajili ya Jumapili aliitumia Jumapili kuwaamulia watoto wasiumizane. Mbio za Paris ni kubwa, sikatai, lakini siku hizi mimi naitukuza zaidi mechi ile isiyo na kikombe.

Alifariki mle kambini tarehe 21 Februari 1945, kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 43. Kambi ilikombolewa mwezi wa Agosti mwaka huo.

Kama yupo mmoja wa wale wa kidato cha kwanza atakayehudhuria mkutano wetu, anitafute uwanjani saa kumi jioni. Magoti yangu si yale ya zamani, lakini duru yake moja nitamlipa.