Daktari wa macho aliyeamini picha za wafu

MWAKA 1929 alifika Nairobi mzee mmoja wa Kiingereza, mrefu, wa mwili mkubwa na masharubu mazito, umri wake ukikaribia miaka 70. Hakuja kuwinda simba wala kutafuta shamba kama Wazungu wengi wa zama zile. Alikuja kuhutubu. Ujumbe wake ulikuwa kwamba wafu wanawasiliana na walio hai, na ushahidi alikuwa nao mkononi: picha. Alizirusha ukutani kwa taa mbele ya hadhira. Ilipofika zamu ya picha ya mzuka katika nyumba moja ya Uingereza, aliinuka daktari wa meno, mkazi wa Nairobi, akaeleza kwamba mzuka ule ni yeye. Miaka ya nyuma yeye na wenzake walifanya mzaha, akajifunika shuka jeupe, wakampiga picha.

Mhutubu yule alikuwa Sir Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes. Hata asiyesoma Kiingereza amekutana na kivuli chake, maana Bwana Msa wa Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar, yule mwenye kiko na rafiki yake Najum, ni ndugu wa Holmes kabisa. Na kitabu cha kwanza cha Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, kinahusu mauaji yaliyotokea kwenye mzimu, ambapo wengine wanaona mambo ya mizimu na Bwana Msa anatafuta mkono wa binadamu. Sasa ilikuwaje, baba wa wapelelezi wote hao akashindwa na shuka?

Doyle alizaliwa Edinburgh, Scotland, tarehe 22 Mei 1859, katika familia ya Kikatoliki. Alisomeshwa na mapadri Wajesuti, kisha akaiacha dini ya wazazi wake akiwa kijana. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Edinburgh, na huko alimkuta mwalimu aitwaye Joseph Bell, aliyekuwa akimtazama mgonjwa viganja, viatu na mwendo, akaitaja kazi yake kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Kwa mwalimu huyo ndiko alikotoka Holmes. Mwaka 1881 Doyle alifanya kazi ya udaktari kwenye meli iliyokwenda Afrika Magharibi, akaugua homa karibu afe. Hadithi ya kwanza ya Holmes ilitoka mwaka 1887. Mwaka 1891 alikwenda Vienna kusomea maradhi ya macho, akarudi London kufungua chumba cha daktari wa macho. Wagonjwa hawakuja, akaandika hadithi.

Tusimdharau mtu huyu. Mwaka 1903 kijana aitwaye George Edalji, mtoto wa mchungaji aliyezaliwa Bombay, alihukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa tuhuma za kuwakata wanyama matumbo usiku mashambani. Wengi waliridhika, kwa kuwa rangi yake iliwatosha kuwa ushahidi. Doyle alipokutana naye alimkuta anasoma gazeti amelisogeza karibu kabisa na uso, akajua palepale kwamba mwenye macho haya hawezi kuvuka mashamba na reli gizani akamfikia mnyama. Akaandika, akapiga kelele, na mwaka 1907 Edalji akasamehewa. Mwaka 1909 aliandika kitabu kizima juu ya jinai ya Mfalme Leopold katika Kongo. Katika harakati hizo picha zilifanya kazi kubwa, picha za watu waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira. Lakini picha zile hazikusimama peke yake. Nyuma yake walikuwepo mashahidi, majina ya vijiji, na majeruhi wenyewe.

Kwa hiyo hakukosa akili, na hakukosa elimu. Kilichompata ni msiba.

Mambo ya roho alianza kuyachunguza zamani, na mwaka 1893 alijiunga na chama cha Waingereza cha kuchunguza mambo hayo. Mwaka 1916 akatangaza hadharani kwamba ameamini. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inakomba vijana wa Ulaya. Mwanawe Kingsley alijeruhiwa katika vita vya Somme mwaka 1916, akafa Oktoba 1918 katika lile tauni la mafua. Miezi michache baadaye akamfuata Innes, mdogo wake Doyle. Mwaka 1919, katika kikao cha gizani, Doyle alidai ameisikia sauti ya Kingsley. Akapiga picha kwa William Hope, mpiga picha wa mji wa Crewe, na karibu na uso wake kwenye picha ikatokea sura iliyofifia. Baba akaamini ni mwanawe.

Biashara hiyo haikuwa ngeni. Mmarekani William Mumler aliianza Boston miaka ya 1860, akashitakiwa New York mwaka 1869, akaachiwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Njia zake zilikuwa rahisi. Wakati ule picha ilipigwa juu ya kipande cha kioo chenye dawa. Kioo kikipigwa mara mbili, sura ya kwanza inabaki nyembamba nyuma ya sura ya pili. Tena kamera za kale zilihitaji muda mrefu wa kufunguka, basi mtu akisimama kidogo mbele yake kisha akaondoka, kwenye picha anaonekana kama moshi, ukuta unaonekana kupitia tumbo lake. Na mwenye mikono myepesi anaweza kubadilisha kioo cha mteja na kingine alichokiandaa nyumbani.

Hivyo ndivyo Hope alivyonaswa. Mwaka 1922 mchunguzi Harry Price alimpelekea vioo ambavyo kiwanda kilikuwa kimevitia alama ya siri kwa eksirei, alama isiyoonekana mpaka kioo kisafishwe. Picha ikatoka na sura ya roho, alama haikuwepo. Maana yake kioo kilichopigwa hakikuwa kile kilicholetwa. Doyle alifanya nini? Aliandika kitabu mwaka huohuo kumtetea Hope, akiona kwamba mtu mwema amefanyiwa njama. Mtu aliyemwokoa Edalji kwa kutazama macho alikataa kutazama kioo.

La Cottingley ndilo linalofundisha zaidi. Mwaka 1917 wasichana wawili, Elsie Wright wa miaka 16 na binamu yake Frances Griffiths wa miaka 9, walitoa picha za viumbe vidogo vyenye mabawa wakicheza kando ya kijito, viumbe ambavyo Waingereza huvisimulia kama sisi tunavyosimulia vibwengo. Mafundi waliopewa picha za kwanza walitafuta dalili za kioo kupigwa mara mbili, hawakuziona. Doyle akashika hapo. Kama kioo ni safi, basi viumbe ni vya kweli! Mwaka 1922 akatoa kitabu. Mwaka 1983 wale wasichana, sasa vikongwe, walikiri kwamba viumbe vile vilikuwa michoro ya karatasi iliyosimamishwa kwa pini za kofia. Kioo kilikuwa safi kweli. Kilipiga karatasi, kikatoa karatasi. Swali lililopaswa kuulizwa lilikuwa kitu gani kilisimama mbele ya kamera, wala si kama kioo kimechezewa.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu sisi wa Chang'ombe tuna vioo vyetu mfukoni. Picha za simu zinazunguka kutoka nyumba hadi nyumba: hizi zimepigwa usiku kwenye harusi, zile baada ya mazishi, na ndani yake kuna miduara myeupe inayoelea juu ya vichwa vya watu. Mwenye simu anaambiwa ni majini. Halafu anatokea mtu mwenye kanzu, anataka fedha ya kisomo, na fedha yenyewe si ya kununulia sukari. Ukimwuliza, anakujibu kwa swali: Kwani wewe unakanusha majini?

Hapana, hatukanushi. Majini yametajwa katika Qur'an, na inayo sura nzima kwa jina lao. Lakini kuwepo kwa majini hakuufanyi kila mduara kuwa jini, kama kuwepo kwa wezi kusivyomfanya kila anayepita mtaani usiku kuwa mwizi. Isitoshe, Qur'an hiyohiyo imetueleza katika Suratul A'raf kwamba shetani na kabila lake wanatuona kutoka mahali ambapo sisi hatuwaoni. Na waliokufa wako barzakh, hawarudi kupiga picha za arusi.

Dodoma kuna vumbi. Mwezi wa nane upepo ukivuma, hata maji ya birika yana mchanga. Taa ya kamera ikiwa karibu na lenzi, chembe moja ya vumbi iliyo mbele kabisa inamulikwa, na kwa kuwa iko karibu mno haiwezi kuonekana sawasawa, inatanuka ikawa duara jeupe. Asiyeamini akung'ute mkeka usiku uani, apige picha kwa taa, atapata majini mia. Simu nazo zikipiga gizani huacha njia ya mwanga wazi kwa muda mrefu zaidi, basi mtoto aliyepita mbio anatoka bila miguu. Na siku hizi zipo programu za kupachika mzuka kwenye picha, na nyingine za kutengeneza picha nzima ya kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Kwanza tumalize hizi sababu, kisha ndipo tuzungumze mengine.

Wengine watasema ni mambo madogo. Si madogo. Taa ya kamera hurudi kutoka ndani ya jicho ikiwa nyekundu, na sote tunajua nchi hii imewafanyia nini vikongwe wenye macho mekundu, hasa kule Kanda ya Ziwa, bibi zetu waliochomwa macho na moshi wa kupikia miaka hamsini kisha wakakatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Picha moja ya simu na fundi mmoja wa uongo vinatosha kuanzisha msiba wa namna hiyo mtaani. Suratul Hujurat imetuamuru kuchunguza habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Amri hiyo haikuitoa nje habari iliyokuja kwa picha.

Namfikiria Doyle pale alipozikwa Kingsley, kisha namkumbuka baba mwingine. Mtume (s.a.w.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto mdogo, naye akamlilia kwa machozi. Siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya Ibrahim. Kama yupo mfiwa ambaye angeweza kuliachia neno hilo lipite, ni yeye, na hakuna ambaye angemuuliza. Akasimama akawaeleza kwamba jua na mwezi ni katika alama za Allah, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake, na wakiona hivyo waswali. Aliyafanya hayo siku ya msiba wake.

Doyle aliendelea mpaka mwisho. Mwaka 1924 mpiga picha aitwaye Ada Deane alitoa picha ya umati wa London siku ya kuwakumbuka askari waliokufa, na juu ya umati zilielea nyuso. Doyle alizipokea. Gazeti moja la London likazitambua: zilikuwa za wanamichezo walio hai, na mmojawao alikuwa Battling Siki, bondia wa Senegal, mzima wa afya wakati huo. Hilo halikumrudisha. Baada ya safari ya Afrika alizidi kudhoofika moyo, na mwaka 1930 akajiuzulu katika kile chama alichojiunga nacho mwaka 1893, kwa sababu kilikuwa kinawabana mno wenye vikao vya roho. Alifariki nyumbani kwake Crowborough tarehe 7 Julai 1930. Siku 6 baadaye maelfu ya watu walijaa ukumbi wa Royal Albert Hall, London, na jukwaani karibu na mjane wake kiliwekwa kiti kitupu kwa ajili yake. Mwanamke mmoja mwenye kudai kuona roho alitangaza kwamba anamwona amekaa.