Abati Mendel na Siri ya Urithi

Mtoto akizaliwa asifanane na baba wala mama, majirani hunong'ona, na mara nyingi lawama humwangukia mama. Yafaa wenye kunong'ona wajue maisha ya mtawa mmoja, Gregor Mendel.

Alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kimo nchini Ucheki. Wazazi wake walikuwa wakulima. Fedha za masomo zilipopungua, mdogo wake wa kike, Theresia, alimpa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake. Mwaka 1843 Mendel aliingia utawani kwa Waagustino mjini Brünn, na mwaka 1847 akapewa upadre. Mwaka 1850 alishindwa mtihani wa ualimu, lakini hakuiacha elimu.

Tangu mwaka 1856 hadi 1863 alipanda njegere katika bustani ya monasteri. Alichukua chavua kwa mkono wake, akazalisha mimea ya mbegu za manjano pamoja na ile ya mbegu za kijani. Kizazi cha kwanza kilitoa mbegu za manjano tupu. Katika kizazi kilichofuata alihesabu mbegu 6,022 za manjano na 2,001 za kijani, yaani karibu tatu kwa moja. Kumbe ukijani haukupotea, ulijificha tu. Tena, chavua itoke mmea huu au ule, matokeo yalikuwa yale yale, kwa kuwa wazazi wote wawili hurithisha sawasawa.

Alieleza hayo mbele ya wataalamu wa Brünn mwaka 1865, wala hayakutiliwa maanani. Akawa Abati mwaka 1868, akafariki tarehe 6 Januari 1884. Mwaka 1900 tu ndipo wataalamu wengine walipoitambua kazi yake. Muda mfupi baadaye, Sutton na Boveri walieleza kwamba urithi huo huchukuliwa na kromosomu, nyuzi ndogo mno zilizomo katika kiini cha chembe za mwili. Binadamu kwa kawaida anazo 46: 23 za baba na 23 za mama.

Basi, sura ya bibi yaweza kupita kimya kwa mwanawe, ikatokea kwa mjukuu. Mendel alihesabu miaka minane kabla ya kutoa neno. Nasi tusimhukumu mama kwa kutazama uso wa mtoto mara moja.