Franco Luambo: kutoka gitaa la waya hadi nyuzi zilizochezesha Afrika

Anayepita katika vijiji vya Masisi au Walikale si ajabu kukutana na mtoto mwenye gitaa alilojitengenezea mwenyewe. Tumbo lake ni bidoni la mafuta, shingo ni kipande cha ubao, na nyuzi ni waya uliochomolewa kwenye freni ya baiskeli au pikipiki. Watu wazima hucheka kwanza, kisha husimama na kusikiliza.

Zaidi ya miaka 70 iliyopita, mtoto mmoja wa Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, alianza vivyo hivyo. Jina lake lilikuwa François Luambo Makiadi. Baadaye Afrika nzima ilimjua kama Franco, na wapenzi wake wakamwita mchawi wa gitaa. Mengi yameandikwa juu ya nyimbo zake, wanawake zake na ukaribu wake na Mobutu. Leo tunafuata njia nyingine: nyuzi zilizopita chini ya vidole vyake, kutoka waya wa kuokota hadi gitaa la umeme.

Mtoto wa muuza mandazi

Franco alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona Bata, katika Bas-Congo. Baba yake, Joseph Emongo, alikuwa Mtetela aliyefanya kazi ya reli. Mama yake, Hélène Mbonga Makiese, alikuwa Mkongo. Familia ilihamia Léopoldville mtoto akiwa bado mdogo.

Baba alifariki mwaka wa 1949, na karo ya shule ikakosekana. Mama alibaki na watoto na biashara ya mandazi katika soko la Ngiri-Ngiri. Franco alijitengenezea gitaa la kopo na mbao, akalifunga nyaya za umeme zilizomenywa kuwa nyuzi. Alikaa karibu na meza ya mama yake akipiga ili wateja wavutike. Mandazi yaliuzwa, na soko zima likaanza kumjua kijana yule.

Gitaa la waya linafundisha vidole, lakini lina mpaka wake. Waya wa kawaida haukutengenezwa kukazwa hadi sauti maalumu. Unalegea kila baada ya dakika chache, unakata vidole, na mara nyingi unakatika. Mtoto anaweza kujifunza mapigo juu yake, lakini kupata sauti sita zinazokubaliana ni vigumu sana.

Aliyemtoa hapo ni jirani, Paul Ebengo, aliyejulikana kama Dewayon. Huyo alikuwa na gitaa la kweli, na alimruhusu Franco kulishika. Mwaka wa 1950 hivi, kijana huyo alianza kupiga katika kikundi cha Dewayon kilichoitwa Watam. Mwaka wa 1953, akiwa na miaka 15, alipelekwa kwenye studio ya Loningisa, iliyokuwa mali ya Wagiriki wa familia ya Papadimitriou. Walimpa mkataba. Mpiga gitaa mkubwa wa studio hiyo, Henri Bowane, alimchukua chini ya ulezi wake. Santuri zake za kwanza zilitoka mwaka huohuo.

Umeme waingia mjini

Katika miaka hiyohiyo gitaa la umeme liliingia Léopoldville. Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga jazz aliyefanya kazi na studio ya CEFA, anatajwa kuwa ndiye aliyelizoesha masikioni mwa wanamuziki wa mji. Haukupita muda mrefu, vijana wote walilitaka.

Hapa kuna jambo ambalo kila anayetoka kwenye gitaa la bidoni anapaswa kulijua. Gitaa la umeme halisikii hewa. Chini ya nyuzi kuna mikro zenye sumaku, na sumaku inasikia chuma kinachotikisika juu yake. Kwa sababu hiyo nyuzi zake ni za chuma cha pua au feleji, na zile nene huzungushiwa waya wa nikeli au wa chuma kilichopakwa nikeli. Ukifunga waya wa shaba au uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, utauona ukitikisika lakini ampli itakaa kimya. Waya wa freni ni wa feleji, unaweza kutoa sauti, ila hautadumu katika sauti yake na utakwaruza vyuma vya shingo.

Tarehe 6 Juni 1956, Franco na wenzake, wakiwemo Jean Serge Essous na Vicky Longomba, walianzisha orkestra ya OK Jazz. Jina lilitokana na baa ya OK, ya Oscar Kashama, walikokuwa wakipiga. Franco hakuwa ametimiza miaka 18. Orkestra hiyo, iliyoitwa baadaye TPOK Jazz, ingeishi zaidi ya miaka 30.

Vidole viwili, nyuzi mbili

Upigaji wa Franco ulitofautiana na ule wa Docteur Nico wa African Jazz, ambaye gitaa lake lilikuwa laini na la kutiririka. Franco alitumia kidole gumba na cha shahada, akivuta nyuzi mbili kwa mara moja, akirudia kifungu kimoja hadi wachezaji wapandishe joto. Mtindo huo wa OK Jazz uliitwa odemba.

Mtindo kama huo unaonyesha kwa nini unene wa uzi si jambo dogo. Nyuzi hupimwa kwa sehemu ya elfu moja ya inchi. Pakiti inayoitwa 9 ina uzi wa mi ndogo wenye unene wa 0.009, na mi kubwa ya 0.042. Pakiti ya 10 huenda hadi 0.046. Mi ndogo ya pakiti ya 10 ni kama robo ya milimita. Tofauti ya namba moja inaonekana kama si kitu, lakini mkono unaisikia mara moja.

Uzi mwembamba ni mrahisi kwa kidole na unapindika vizuri kwa wale wanaopenda kuvuta noti kama wapigaji wa blues. Ila ukiubonyeza kwa nguvu, noti inapanda kuliko inavyotakiwa. Kwa anayepiga nyuzi mbili pamoja, kosa hilo linasikika haraka: sauti mbili zinagombana. Uzi mnene kidogo hukaa imara, hutoa sauti iliyojaa, na huvumilia seben ya dakika nyingi. Kwa hiyo anayejifunza rumba anaweza kuanza na 10, na mwenye vidole laini bado akaanza na 9. Anayeruka hadi 11 ajue kuwa mvuto unaongezeka na shingo inaweza kupinda. Itabidi irekebishwe.

Wanamuziki wa Congo walifika mbali zaidi. Kati ya gitaa la solo na lile la akompa waliweka gitaa la tatu, mi-solo. Na kuna ufundi unaoitwa mi-kompoze: uzi wa re, ambao kwa kawaida ni mnene, unatolewa, na mahali pake unafungwa uzi mwembamba kama wa mi ndogo. Uzi huo unakazwa hadi re ya juu, toni moja tu chini ya mi ndogo. Kwa kubadilisha uzi mmoja tu, gitaa linapata mlio wa kengele ambao wageni walidhani unatoka kwenye chombo kingine. Huo ni utajiri uliotokana na kuchagua unene wa uzi, si na kununua gitaa la bei kubwa.

Sauti iliyotisha wakubwa

Franco hakuishia kwenye kucheza. Baada ya wanasiasa wanne kunyongwa hadharani mjini Kinshasa mwezi Juni 1966, wimbo wake Luvumbu Ndoki ulichukiwa na utawala na santuri zikakamatwa. Yeye alivuka mto na kukaa Brazzaville kwa muda. Baadaye aliimba pia sifa za Mobutu, na mwaka wa 1984 alimfanyia kampeni kwa wimbo. Mwaka wa 1978 alikuwa amefungwa kwa sababu ya nyimbo zilizohukumiwa kuwa chafu, lakini miaka miwili baadaye dola hilohilo lilimpa cheo cha Grand Maître. Wengi bado wanabishana juu ya upande huo wa maisha yake.

Wimbo wake Mario, wa 1985, kuhusu kijana anayelishwa na mwanamke mwenye mali, ulipigwa hadi kwenye baa za Nairobi na Dar es Salaam, ambako wengi hawakujua Kilingala. Mwaka wa 1987 alitoa wimbo wa kuonya watu juu ya SIDA, wakati ambapo viongozi wengi waliona haya kulitaja jina hilo. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1989 huko Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Zaïre ilitangaza siku nne za maombolezo.

Pakiti moja ya nyuzi

Walikale inatoa kasiterite, na machimbo ya Bisie yanajulikana dunia nzima. Kasiterite ndiyo huzaa bati, na nyuzi tatu nyembamba za gitaa la umeme kwa kawaida ni feleji iliyopakwa bati ili isishike kutu haraka. Madini ya aina hiyo yanaondoka kwetu kwa magunia, na vitu vinavyotengenezwa kwayo vinaturudia katika vipakiti vidogo vya kununuliwa kwa dola. Katika kwaya nyingi za vijijini, uzi ukikatika Jumamosi jioni, ibada ya Jumapili inapigwa kwa nyuzi tano. Barabara ya kwenda Goma haifunguki kila siku.

Kwa hiyo mwenye gitaa alitunze. Pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, maana jasho ndilo linaloleta kutu. Nunua mi ndogo ya akiba, kwa kuwa ndiyo hukatika mapema. Unapobadilisha, toa uzi mmoja, funga mwingine, kisha endelea na unaofuata, ili shingo isilegee yote kwa mara moja. Uzungushe mara mbili au tatu kwenye ufunguo, uvute taratibu kwa mkono, ukaze tena, urudie hadi utulie. Kata ncha inayobaki isije ikamchoma mtu jicho.

Franco alikuwa na kipaji tangu pale sokoni Ngiri-Ngiri. Lakini kipaji kile kingeweza kuishia kwenye meza ya mandazi kama Dewayon angelificha gitaa lake na Loningisa ingemfukuza kijana mwenye suruali iliyochanika. Wa Masisi na Walikale wapo tayari na mabidoni yao. Mkubwa mwenye gitaa la kweli nyumbani awaite, awape walishike.