Lauri Rapala

Lauri Rapala (Sysmä, 27 Novemba 1905 – 20 Oktoba 1974) alikuwa mvuvi kutoka Ufini. Anajulikana hasa kwa kubuni chambo bandia chenye umbo la samaki mdogo, ambacho kinaitwa kwa jina lake hadi leo.

Maisha

Lauri alizaliwa katika familia maskini. Alipokuwa mtoto alihamia Asikkala pamoja na mama yake. Huko mchungaji aliyewaandikisha katika daftari la kanisa aliweka jina la kijiji cha Rapala mahali pa jina la ukoo, na jina hilo likabaki.

Mwaka 1928 alimwoa Elma. Wakati wa baridi alikata magogo msituni, na kiangazi alivua katika Ziwa Päijänne. Alitumia mishipi mirefu yenye ndoano hadi 1000, na kila ndoano ilihitaji chambo. Kazi hiyo ilimla muda mwingi, na siku bila samaki ilikuwa siku bila mapato.

Chambo chake

Akiwa katika mashua yake, Rapala aliona kwamba samaki wawindaji kama paiki hupita kundi zima la samaki wadogo na kumrukia yule anayeyumba kidogo kwa udhaifu. Basi akajaribu kuiga mwendo huo.

Mwaka 1936 alipata chambo kilichomridhisha. Alikichonga kwa kisu cha fundi viatu kutokana na gome jepesi linalotumika kutengeneza vizibo vya chupa. Alikifunika kwa karatasi ya kung'aa ya kufungia chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi aliyeyusha filamu za picha akaipaka juu yake. Baadaye mbao ya balsa ilichukua nafasi ya gome.

Siri ya chambo hicho iko kwenye kibamba kidogo chini ya kidevu. Chambo kikivutwa, maji hukisukuma kibamba, kichwa huinama na mwili huyumba kushoto na kulia. Kibamba kirefu kilichonyooka kuelekea mbele hukizamisha chambo zaidi. Kifupi kilichosimama wima hukiacha karibu na uso wa maji. Hata kupinda kidogo pete ya kufungia mshipi hubadilisha mwendo, ndiyo maana kila chambo kilijaribiwa majini kabla ya kuuzwa.

Kuenea

Rapala alipigana katika vita vya Ufini dhidi ya Umoja wa Kisovyeti, kisha akarudi kwenye kazi yake, akisaidiwa na watoto wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Ron Weber na Ray Ostrom wa Minnesota walianza kukiuza chambo hicho Marekani. Mwaka 1962 gazeti la Life liliandika habari zake katika toleo lenye picha ya Marilyn Monroe, na maagizo yakazidi uwezo wa familia.

Chambo cha kwanza huelea, hivyo hakiwafikii samaki walio chini sana. Kampuni ilitoa pia aina ya Countdown, ambayo huzama takriban sentimita 30 kwa sekunde: mvuvi akihesabu hadi kumi, kimefika karibu mita 3. Wavuvi wa muski, jamaa mkubwa wa paiki huko Amerika ya Kaskazini, huongeza wenyewe vipande vya risasi kwenye vyambo vyao kwa lengo hilohilo.

Rapala alifariki mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 68.