William Edmund Cutler

William Edmund Cutler (alifariki Lindi, Agosti 1925) alikuwa mkusanyaji wa visukuku mzaliwa wa Uingereza. Alihamia Kanada, akawa mkulima huko Alberta na kujifunza mwenyewe kuchimba mifupa ya dinosauri. Mwaka 1914 alichimbua mabaki ya dinosauri ambaye mwaka 1928 aliitwa *Scolosaurus cutleri* kwa heshima yake.

Mwaka 1924 Makumbusho ya Uingereza yalimtuma Tendaguru, kaskazini-magharibi kwa mji wa Lindi, ambako Wajerumani walikuwa wamechimba miaka 1909-1913. Msaidizi wake alikuwa kijana Louis Leakey. Leakey aliporudi masomoni Cambridge, Cutler alibaki na wachimbaji wenyeji hadi alipofariki kwa malaria. Wengine waliendeleza uchimbaji huo hadi mwaka 1931.