Galton-Fenzi na Gari la Riley

Mwalimu mlezi wa chama chetu alipotugawia majina ya watu mashuhuri ili tuandike maisha yao, mimi niliangukiwa na Lionel Douglas Galton-Fenzi. Kusema kweli sikufurahi. Wenzangu wamepata Shaaban Robert, wamepata Mekatilili wa Menza, mimi napewa Mzungu wa magari! Lakini agizo la mwalimu ni agizo. Hebu tumjue kwanza, kisha tumhukumu.

Galton-Fenzi aliishi Nairobi wakati wa ukoloni. Mwaka 1919 alianzisha chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akawa katibu wake wa heshima mpaka alipofariki mwaka 1937. Chama hicho ndicho mzazi wa chama cha wenye magari cha Kenya tukijuacho leo kwa jina la AA.

Siku hizo gari lilikuwa kitu cha ajabu. Hapa kisiwani petu, matajiri na maofisa walikuwa wamezoea kupanda vigari vidogo vilivyopita juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu kwa mikono. Hata Ndia Kuu, hapa Mji wa Kale, reli hizo zilipita. Na aliyetaka kwenda Nairobi alipanda treni, kwani reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi mwaka 1899. Mwenye gari naye alilipakia kwenye behewa kama gunia la mchele. Barabara ya magari haikuwapo.

Basi mwaka 1926, Galton-Fenzi na mwenzake, Kapteni Gethin, waliingia katika gari aina ya Riley, lililoundwa Coventry, Uingereza, wakatoka Nairobi kuja Mombasa. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 480. Leo basi hulala njiani usiku mmoja tu. Wao walikuwa na nyika ya Tsavo, ambako simba walikula wajenzi wa reli mwaka 1898, na baada ya Voi wakakabiliwa na nyika ya Taru, kavu na yenye miiba mitupu. Gari likafika pwani. Ikathibitika kuwa njia yaweza kupitika kwa magurudumu. Alisafiri pia kwa gari hadi Khartoum na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Alipokufa, watu walichanga pesa wakamjengea mnara jijini Nairobi, katika barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue. Mnara umeandikwa masafa ya kwenda miji mbalimbali, na umemtaja kuwa ndiye mfungua njia ya Nairobi na Mombasa.

Hapo ndipo nilipokasirika. Mfungua njia? Na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Ukambani, ambaye misafara yake ilileta pembe za ndovu mpaka Mombasa kabla ya mwaka 1851 alipouawa? Na wapagazi waliobeba mizigo kichwani kupita Taru hiyo hiyo, majina yao yameandikwa mnara gani? Nikaazimia kuandika kuwa sifa za mtu huyu ni za bure.

Nikampelekea babu karatasi yangu. Babu aliendesha lori baina ya Kilindini na Nairobi kabla njia haijatiwa lami yote. Nilidhani atanipongeza. Wapi! Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nimewahi kukwama kwenye tope za Maungu usiku, peke yangu na tanboi, maji ya kunywa yamekwisha. Nikasema sijawahi. Akaniambia basi nisimdharau mtu yeyote aliyepitisha gari pale wakati ambapo hata kibao cha kuonyesha njia hakuna. Halafu akaongeza kuwa nisisahau pia kwamba hakuna gari lililowahi kutoka topeni bila ya watu kulisukuma, na kwamba wanaosukuma hawaulizwi majina.

Niliichana ile karatasi nikaandika hii mnayoisoma. Nionavyo mimi, Galton-Fenzi hakuwa wa kwanza kupita njia ile, bali alikuwa wa kwanza kuipita kwa gari, na hilo si dogo. Tusimpe zaidi, wala tusimpunje. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini haki hiyo tuwape na wapagazi pia.

Babu yangu amefariki mwaka huu, kabla gazeti letu halijachapishwa. Yeye naye hana mnara. Ndiyo maana nimemweka humu.